Mali Bila Daftari: Pomboo wa Kizimkazi na Hesabu Isiyopaswa Kukatika

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo aghalabu huambiwa mwenye duka, ambaye asipoandika kilichoingia na kilichotoka hujikuta siku moja mbele ya rafu tupu, naye hajui bidhaa zimekwisha lini wala zimechukuliwa na nani. Leo tungependa kulipeleka neno hilo mbali kidogo na dukani, hadi kusini mwa Unguja, kwenye bahari ya Kizimkazi. Huko iko mali ambayo imekuwa ikiwalisha watu kwa zaidi ya miaka 30, nayo haikai kwenye rafu. Huogelea, huzama, huibuka kuvuta pumzi, kisha ikatoweka machoni. Mali hiyo ni pomboo.

Asubuhi bahari inapokuwa shwari, boti hutoka Kizimkazi Dimbani na Kizimkazi Mkunguni zikiwa na wageni waliotoka mbali kuja kumtazama mnyama huyu. Safari moja ya boti hugusa mifuko mingi. Yumo nahodha na mwenye chombo, yumo kijana anayekodisha vioo na mapezi ya kuogelea, yumo mama anayepika samaki na wali wa nazi kwa ajili ya wageni wanaporejea pwani wakiwa na njaa. Biashara hii ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo, katika maji hayo hayo, pomboo alikuwa akiwindwa kwa chusa na kwa nyavu, na nyama yake ilikuwa chambo cha kuvulia papa. Uwindaji huo ulikoma katikati ya miaka hiyo ya 1990. Kwa hiyo, katika muda usiozidi nusu ya umri wa mtu mzima, mnyama aliyekuwa chambo amegeuka kuwa mgeni wa heshima anayewaletea watu wengine riziki. Ni mageuzi makubwa, na wananchi wa Kizimkazi wanastahili kupongezwa kwayo.

Mwaka 1997 eneo hilo la bahari lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Ghuba ya Menai, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470. Yafaa ieleweke kwamba hifadhi hii si bahari iliyofungwa. Watu wa vijiji vinavyoizunguka huvua humo kama walivyovua babu zao, ila kwa masharti, nao wanashirikishwa katika ulinzi wake. Huo ni mpango wa busara, maana hakuna askari wa kutosha duniani wa kulinda bahari dhidi ya watu wanaoishi kando yake. Walakini mpango huo huzaa swali ambalo haliepukiki. Ikiwa pomboo na mvuvi wanatumia maji yale yale, tutajuaje kama pomboo wanabaki, wanaongezeka au wanapungua?

Jibu ni moja tu: kwa kuwahesabu. Nasi tungependa msomaji afahamu jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu, ili aelewe kwa nini tunaililia.

Ng'ombe huhesabiwa zizini jioni wanaporudi. Pomboo hana zizi. Mtu aliyeko botini akiona migongo kumi, hajui kama kumi wengine wako chini ya maji, wala hajui kama hao kumi ndio wale wale aliowaona asubuhi. Wataalamu walitatua tatizo hili kwa kutazama pezi la mgongoni. Pezi hilo, kadiri pomboo anavyozidi kuishi, hupata mikwaruzo, mapengo na makovu, kutokana na ugomvi wa wao kwa wao, meno ya papa, kamba za wavuvi au visukumio vya boti. Mapengo hayo hayafanani kati ya mnyama na mnyama. Hivyo mtaalamu hupiga picha ya kila pezi linaloibuka, akalipa namba au jina, akaliweka katika kumbukumbu. Siku nyingine hurudi baharini akapiga tena, kisha akalinganisha.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Tuseme kwa mfano kwamba safari za mwanzo zilitupatia mapezi 40 yenye alama. Safari za baadaye zikatupatia mapezi 50, na katika hayo, 20 tunayajua tayari. Basi tuliowajua ni mbili ya tano ya walioonekana, na kwa makadirio, wale 40 wetu wa mwanzo nao ni mbili ya tano ya wote. Wote basi ni kama 100. Juu yake huongezwa wale wasio na alama, hasa wadogo ambao mapezi yao bado ni laini. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifuata, lakini inataka saa nyingi za jua, mafuta ya boti, kamera nzuri na subira isiyo na kikomo.

Kazi ya namna hiyo ilifanywa Kizimkazi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ushirikiano wa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar na wenzao wa Sweden. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2006. Pomboo wa aina ya kawaida wa mwambao wetu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Tursiops aduncus, walikadiriwa kuwa kati ya 136 na 179. Aina ya pili, yule mwenye nundu mgongoni, walikadiriwa kuwa kati ya 58 na 65.

Tunamwomba msomaji atue hapo kidogo. Mgeni anayeona kundi la pomboo 30 wakirukaruka mbele ya boti hudhani kwamba bahari imejaa. Kumbe wote kwa pamoja, wa aina zote mbili, hawatoshi kujaza shule moja ndogo ya kijijini. Riziki ya vijiji imetegemezwa juu ya wanyama wanaoweza kuandikwa majina yao katika daftari moja la shule. Mali ndogo kiasi hicho haivumilii uzembe.

Uzembe huo hauhitaji nia mbaya, na jambo hili tunataka kulisema kwa uangalifu. Mvuvi wa jarife hutega wavu wake jioni, akakusudia kupata papa, taa, nguru au jodari, akaurudia alfajiri. Wavu huo hauchagui. Pomboo huvuta hewa kama sisi, na akinaswa chini kwa dakika kadhaa bila kufika juu, hufa maji. Mvuvi hakumtaka, mara nyingi amemchania wavu na kumtia hasara. Wavuvi wenyewe, walipohojiwa katika vijiji vya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1990, ndio walioeleza kwamba mambo haya hutokea. Uchunguzi uliofuata katika miaka ya 2003 na 2004 ulikadiria kwamba kusini mwa Unguja nyavu zilikuwa zikiua kwa mwaka zaidi ya pomboo 9 katika kila 100 wa aina ya kawaida, na kama 6 katika kila 100 wa aina yenye nundu.

Je, idadi hiyo ni kubwa au ndogo? Wataalamu wa wanyama wa aina hii huanza kuingiwa na wasiwasi pale vifo vinavyoletwa na binadamu vinapozidi 1 au 2 katika kila 100 kwa mwaka. Sababu yake ni uzazi. Samaki hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Pomboo jike hukomaa akiwa na miaka saba, minane au zaidi, hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja tu, na hupita karibu miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Tuchukue mfano wa pomboo 150, na tuseme kwamba theluthi yao, yaani 50, ni majike waliokomaa. Kila mmoja akizaa mara moja katika miaka mitatu, watoto wa mwaka mmoja watakuwa 16 au 17. Wavu ukichukua 13 au 14, karibu ongezeko lote limekwenda, hata kabla papa hajala, kabla maradhi hayajaingia, na kabla wazee hawajafa kwa uzee wao. Mwenye duka anayeuza kila siku zaidi ya anachonunua anajua mwisho wake.

Pengine atatokea mtu wa kutuambia kwamba hesabu imekwisha kufanywa, idadi tumeitaja wenyewe, basi twataka nini zaidi? Tutamjibu kwa mfano wa jirani zetu. Kaskazini-magharibi mwa Pemba, ng'ambo ya mkondo, iko Hifadhi ya Bahari ya Kisite na Mpunguti, karibu na Shimoni na kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini ya Kenya. Huko nako pomboo ni kivutio, na huko nako mapezi yalipigwa picha, kati ya mwaka 2006 na 2009. Makadirio ya pomboo waliokuwa wakitumia eneo hilo yalipanda na kushuka kutoka 19 hadi 104, kwa kutegemea wakati. Bahari ni ile ile na wanyama ni wale wale, lakini huja na kuondoka. Mtu angehesabu katika kipindi cha 19 angepiga yowe kwamba wamekwisha, na mwingine angehesabu katika kipindi cha 104 angelala usingizi mnono. Wote wawili wangekosea. Hesabu ya mara moja ni kama kumpima mtu homa mara moja katika maisha yake.

Kuna funzo jingine lililo karibu zaidi, na ni la huzuni. Mwezi wa Aprili 2006, mamia ya pomboo walikwama na kufa katika pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Taarifa za wakati ule zilitaja mizoga takriban 400. Watu waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza, ni nini kilichowaua. Sisi tunaongeza swali la pili: 400 kati ya wangapi? Kama walikuwa 400 kati ya maelfu, ni msiba. Kama walikuwa 400 kati ya 800, ni nusu ya ukoo uliofutwa kwa siku moja. Idadi ya waliokufa haina maana kamili mpaka ijulikane idadi ya walio hai, na idadi ya walio hai haiokotwi siku ya msiba. Ni lazima iwe imeandikwa kabla.

Tunapodai hesabu ya muda mrefu hatudai ndoto. Nchi ya New Zealand ilitenga hifadhi ya pomboo wake wadogo katika pwani ya Banks Peninsula mwaka 1988, na kupunguza nyavu katika eneo hilo. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuanza kupiga picha za mapezi mwaka 1986, nao hawakuacha. Baada ya miaka 21 ya picha, hadi mwaka 2006, ndipo walipoweza kuonyesha kwa takwimu kwamba uwezekano wa pomboo mmoja kuuona mwaka unaofuata ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya 5 katika kila 100 baada ya hifadhi kuanzishwa. Miaka 21! Wangeacha katika mwaka wa tano, mtu yeyote angeweza kudai kwamba hifadhi ile haikusaidia kitu, wala asingekuwapo wa kumpinga.

Lakini tusije tukadhani kwamba hesabu peke yake ni dawa. Mexico, katika Ghuba ya California, yuko mnyama wa jamii hii aitwaye vaquita, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Alihesabiwa vizuri. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa 567. Mwaka 2008 walikuwa kama 245. Mwaka 2016 walikuwa wamebaki kama 30, na tangu hapo ni wa kuhesabika kwa vidole. Chanzo kilijulikana tangu mwanzo, nacho ni nyavu zinazowanasa. Daftari lilijazwa kwa uaminifu, lakini mwenye duka hakulisoma kwa wakati. Hesabu ni macho. Mwenye macho asiyejongea kando hugongwa sawasawa na kipofu.

Macho hayo lazima yaelekezwe pia kwetu tunaojiita marafiki wa pomboo. Uchunguzi uliofanywa Kizimkazi umeonyesha kwamba boti za watalii zinapowazonga, pomboo hupunguza kupumzika na kucheza pamoja, wakazidi kusafiri huku na huko. Mama mwenye mtoto anayenyonya hana nguvu za kupoteza. Nahodha anayewakatisha njia, au anayewaangusha wageni juu ya migongo yao ili apate bakhshishi, anakata tawi alilokalia. Nahodha mwema huwakaribia kwa ubavu, hupunguza mwendo, huwapisha wenzake, na huondoka pomboo wanapoonyesha kuchoka. Manahodha kama hao wapo, nao wanafahamika. Kinachotakiwa ni kwamba wema wao uwe kanuni kwa kila chombo.

Tunajua pia kwamba wako watakaosema: watu wana shida ya maji, ya shule na ya bei ya unga, nanyi mwatuletea habari za kuhesabu pomboo? Swali hilo tunaliheshimu. Jibu letu ni kwamba unga ule ule, katika nyumba nyingi za kusini ya Unguja, hununuliwa kwa fedha iliyotokana na pomboo. Kumhesabu pomboo ni kuhesabu akiba ya kijiji. Wala hatusemi kwamba mvuvi wa jarife aachwe na njaa ili mwenye boti ashibe. Mzigo wa kumlinda pomboo usimwangukie mtu mmoja ilhali faida yake yaenda kwa mwingine. Hilo lisiposuluhishwa kwa haki, hifadhi itabaki karatasini.

Basi kifanyike nini? Kwanza, hesabu isitegemee mradi wenye mwanzo na mwisho. Wageni wakija na misaada yao tuwapokee kwa shukrani, lakini siku wanapofunga mizigo yao, kamera na kumbukumbu zibaki hapa, pamoja na vijana wa vijijini waliofundishwa kuzitumia. Kijana aliyekulia Kizimkazi huijua bahari ile katika kaskazi na katika kusi, katika bamvua na katika maji mafu. Akiongezewa kamera na daftari, amekuwa mtaalamu ambaye nauli yake ni hatua chache hadi ufukweni. Hesabu yenyewe ifanywe katika misimu yote, mwaka hata mwaka, kwa utaratibu ule ule.

Pili, katika fedha anayolipa mgeni, itengwe sehemu kwa ajili ya kazi hiyo, hata ikiwa ndogo, nayo itumike kwa uwazi. Mali inayoleta faida haishindwi kulipia daftari lake.

Tatu, na hili kwetu ndilo kubwa, kila diko liwe na mtu wa kuandika pomboo walionaswa, na mvuvi aweze kutoa habari bila ya kuogopa. Mvuvi aliyenasa pomboo kwa bahati mbaya akijua kwamba atakamatwa au kutozwa faini, ataukata wavu usiku, ataacha mzoga uzame, na asubuhi atasema hakuona kitu. Hapo tutakuwa tumempoteza pomboo na tumepoteza habari yake pia. Mvuvi akijua kwamba ataambiwa asante, na kwamba habari yake itatumika kutafuta njia ya kuokoa nyavu zake zisichanwe, atasema. Viko vidude vya kutoa mlio majini vinavyofungwa katika nyavu ili kumwonya pomboo. Vilijaribiwa Zanzibar na vikaonyesha kwamba vyaweza kusaidia. Viko pia vipindi na mahali ambapo jarife lingeweza kuhamishwa kwa makubaliano. Lakini njia zote hizo zataka kujua pomboo wananaswa wapi na lini, na anayejua hilo ni mvuvi peke yake.

Nne, matokeo yasomwe kijijini kwa Kiswahili. Haifai mtu wa Kizimkazi asikie idadi ya pomboo wake kutoka kwa mgeni aliyeisoma katika jarida la ng'ambo. Idadi ya mwaka ibandikwe ukutani dikoni, penye kivuli, ambapo wavuvi na manahodha hukaa wakingoja maji. Ikipanda, wafurahi pamoja. Ikishuka, waulizane pamoja.

Kizimkazi si mahali pageni kwa kuandika. Ukutani mwa msikiti wa kale wa Dimbani yamo maandishi yaliyochongwa katika jiwe yenye mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107. Zaidi ya miaka 900 imepita, na bado twajua tarehe hiyo, kwa sababu alikuwapo mtu aliyeona kwamba yafaa iandikwe. Sisi tunaomba kazi iliyo nyepesi kuliko kuchonga jiwe. Tunaomba kwamba pomboo walio hai leo katika Ghuba ya Menai waandikwe, mwakani waandikwe tena, na mwaka utakaofuata vivyo hivyo, na kwamba anayeandika asichoke na anayesoma asipuuze. Watoto wa kijiji kile wana haki ya kurithi bahari yenye pomboo. Ikiwa, Mungu apishe mbali, hawatarithi, basi wasije wakatuuliza walikwisha lini, nasi tukakosa la kuwajibu.